Kitabu Kilichomsahau Mama

Saa mbili asubuhi, jua limeshaukamata mwalo wa Igombe, pale mitumbwi ya dagaa ya Ziwa Victoria inapotia nanga. Evelina Ndalahwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono wa kushoto umefungwa hogo, plasta ngumu ya hospitali, wa kulia umeshika kitabu. Anasoma kwa sauti. Wenzake wameinama juu ya vichanja vya kuanikia, wanageuza dagaa.

"Ongeza sauti bwana, mainjini ya mitumbwi yanatuzidi!" anafoka Janet kutoka kichanja cha mwisho.

Evelina anaongeza.

Ndiyo kazi yake tangu bodaboda ilipomwangusha kule Buhongwa, akavunjika mkono. Dagaa hawana huruma. Usipowageuza, upande mmoja unakauka, wa pili unanuka. Mkono mmoja hauwezi. Basi wakapatana: yeye awasomee, wao wamgeuzie. Dagaa wazuri humpa kama shilingi elfu ishirini na tano kwa ndoo. Walioharibika huenda kwa wafuga kuku kwa bei ya kutupa, na nyumbani ana watoto watatu.

Mapatano hayo yalitaka kuvunjwa na hadithi ya vijana.

Alikinunua kitabu chenyewe mjini, kwa Otuoma, muuza vitabu vya mitumba karibu na soko. Ndani yake, msichana wa miaka kumi na sita anaamka asubuhi, kijiji kizima kinamjua, isipokuwa mama yake mzazi. Mama anamkaribisha uji kama mgeni, anamuuliza kwao wapi.

"Siku niliyowasomea hapo hakuna aliyekwenda kunywa chai," anasema Evelina. "Watu walilia, na dagaa mikononi."

Jioni alitangulia kusoma mbele, peke yake. Hapo ndipo akili ilipomruka. Katikati ya kitabu msichana anapanda basi, anafika mjini, anashinda mashindano ya kuimba, anampata kijana mwenye gari, wanaoana. Kwisha. Mama hatajwi tena.

"Nikasema nimeruka karatasi. Nikarudi nyuma, namba zinafuatana. Nikajiuliza, au mimi ndiye sijui kusoma?"

Kesho yake aliogopa kuwasomea wenzake mwisho huo. Akawatungia mwisho wake mwenyewe: mama ananusa kanga ya binti, anakumbuka. Hadithi ilikuwa imenoga kweli, mpaka Teodora, mkubwa wao pale mwaloni, alipouliza, "Wewe Evelina, mbona hugeuzi karatasi? Ukurasa mmoja tangu tuanze?"

Wakacheka. Kisha hawakucheka, walipogundua kwamba anatunga.

"Huo mwisho wenyewe umeupeleka wapi?"

"Kazichana kurasa, kamuuzia muuza karanga afungie!" akadakia Janet.

Mchana ule hakuna aliyegusa kichanja cha Evelina. Mvua ikaja kutoka ziwani, na nusu ya dagaa wake ikaishia kwa kuku.

Alirudi kwa Otuoma kuuliza kama kuna karatasi zilizopungua. Otuoma akamtolea nakala nyingine. Mwisho ni uleule.

"Dada, wengi wanarudi na swali hilo," akamwambia. "Mimi nilidhani kuna kitabu cha pili. Nimetafuta, hakuna."

Evelina akarudi mwaloni na nakala zote mbili. Moja akampa Janet, aliyemaliza darasa la saba, amfuatilie kwa macho, naye Evelina akausoma mwisho kama ulivyo, mpaka neno la mwisho.

"Na mama je?" akauliza Teodora.

"Hayumo," akajibu Evelina.

"Hayumo vipi, naye ana mtoto?"

"Kweli hayumo," akasema Janet, bado anapekua. "Hata harusini hayupo."

"Mwandishi anaanzaje vizuri hivyo, halafu anatupa?"

"Labda aliugua."

"Labda ni mwanaume!"

Safari hii walicheka wote. Teodora akanyanyuka akajipangusa magamba, akaenda kwenye kichanja cha Evelina, akaanza kugeuza.

"Soma tena toka mwanzo," akasema. "Ukifika pale anapopanda basi, nyamaza. Mama tutamtafuta wenyewe."

Tangu hapo husoma mpaka kwenye basi, kisha ubishi unawaka. Wapo wanaosema mama alirogwa. Wapo wanaosema alimjua sana binti yake, alijifanya tu. Kila siku wanaondoka wamevurugwa kuliko jana.

Mwezi ujao Evelina atafunguliwa hogo. Atageuza dagaa wake mwenyewe, ila kusoma haachi, wenzake wameshamkatalia. Na ana mpango mmoja: kumtafuta aliyekiandika.

"Sitaki kugombana naye," anasema, kidole kikiwa katikati ya kurasa. "Nataka aniambie kitu kimoja tu. Basi lilipoondoka, yule mama alikuwa anafanya nini?"