Mama Alipoanguka kwenye Televisheni

Hili sijamwambia mtu ila nyinyi marafiki tunaopokezana daftari hili: leo nimemkana mama yangu.

Nilikuwa kwa kina Atieno, mtaa wa Baba Dogo, ambako hawamjui mama. Tulitazama kwenye televisheni mashindano ya kusonga ugali, mama akiwa mmoja wa washindani, sufuria baada ya sufuria, bila kukaa. Mshindi angepewa jiko la gesi. Kifua cha mama kimechoka na moshi wa kuni, ndiyo maana akajiandikisha.

Baada ya kusonga kwa muda wa saa sita mama akaanguka, mwiko mkononi.

"Na miguu mibovu hiyo, alitaka nini?" Babake Atieno akacheka. "Wee, mbona unalia? Unamjua?"

"Simjui."

Kesho daftari likiwafikia, niandikieni: nyinyi mngemjibuje?

Nilikuwa nimelificha daftari chini ya mto, mama asilione.

Sasa nasikia hatua za mama mlangoni, mguu mmoja ukiburutika. Nimeliweka mezani, wazi.