Harufu ya Kwao

Watafuta mafuta walipofika Bangwe walipitisha chupa ya mafuta mazito meusi, wakiuliza nani amewahi kuyaona ziwani. Wavuvi wakacheka. Samaki wenyewe hawaonekani, sembuse mafuta.

Chupa ikamfikia Feliksi, fundi wa kuziba mitumbwi. Akachovya kidole cha mkono wa kulia, akanusa. Kwao, ng'ambo ya ziwa, Kongo, baba yake aliyachota ufukweni mafuta kama hayo, akalowekea pamba ya kuzibia nyufa. Lakini tangu akimbie vita, Feliksi alijiita Muha wa Mwandiga, mwenyeji wa huku, asije akapelekwa kambi ya wakimbizi.

"Unayajua, fundi?"

"Siyajui, bwana."

Jioni, kwa mama lishe, aliyakataa maji ya kunawa. Akala ugali kwa mkono wa kushoto, watu wakimshangaa, ule wa kulia ameufumba.