Roho ya Mama Furaha Ilipopanda Juu

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mzaliwa wa Kabingo. Juzi nilikuwa nimetoka kukariri kifua: moyo katikati ya mapafu, mishipa mikubwa ya damu juu yake, neva zikishuka pembeni. Nilijiona bingwa.

Kwenye zahanati ya Rubondo akaja Mama Furaha, Mkongomani, ana kikohozi. Nilipochukua sindano nimtoe damu, akashika kifua. "Docta, roho yangu iko juu!"

Nilijua Wakongomani huuita moyo roho. Nikashtuka. Moyo uko juu? Basi kuna uvimbe unausukuma, utabana mishipa! Nikapiga kelele mpaka gari likatukimbiza hospitali kubwa ya Mbarara, binti yake akilia njia nzima.

Picha ikaonyesha moyo umetulia mahali pake. Daktari mkubwa akamwuliza, "Mama, roho ilipanda lini?"

"Wakati huyu mutoto alishika sindano. Mie naogopaka sindano mingi!"

Binti akaacha kulia, akaangua kicheko. Nami nikashusha pumzi: mama ni mzima! Ndipo daktari akanigeukia.

"Na yako iko wapi sasa?"

"Juu, daktari."