Geji Yetu Ilisema Sitini

Jamani! Leo boila ya pampu hapa mtoni Garissa nusura itulipukie.

Bwana DC, mkuu wa wilaya, alitaka tangi la maji lijae kabla ya adhuhuri, kwa hiyo nikawa namhimiza Abdi, mchochea moto wetu, aongeze kuni. Geji, ile saa ya kupima nguvu ya mvuke, ilisoma sitini tu. Mwisho wa usalama ni mia.

Bahati nzuri mkaguzi wa geji aliingia na lori la asubuhi. Akafunga geji yake ya kupimia kando ya yetu.

Yake ikasema tisini, na sisi bado tunaongeza kuni.

Tulichomoa kuni mbio mbio. Kisha nikamfokea Abdi mbele ya watu wote, kwamba ameichezea geji.

Abdi alisubiri nimalize.

"Walahi sijaigusa, ndugu. Jana nani alifungua kioo cha geji kutoa mchanga?"

Mimi.

Mshale ulidondoka, nikaurudisha kwenye sifuri. Nilisahau kwamba ndani mlikuwa bado na mvuke wa thelathini, kwa hiyo tangu hapo geji ilisoma thelathini pungufu.

Baadaye mkaguzi alimuuliza Abdi nani aliigusa geji. Abdi akasema hajui, akarudi kuzoa majivu yake.

Ripoti ya mkaguzi, inayosema aliyeigusa hajulikani, inaondoka na lori kesho asubuhi. Mngekuwa nyinyi, mngeiacha iende hivyo?