Nyumba ya Shemeji

Fundi wa meno ya bandia hakuwa mnywaji. Mvinyo ulimpa kiungulia, na harufu yake kwake ilikuwa siki tu. Lakini kila mwaka, siku aliyofariki mumewe, marafiki wa marehemu walijaa sebuleni kwake na chupa zao, wakala, wakanywa, wakabishana kama huu ulipata jua la kutosha au ule ulitunzwa vibaya, na yeye akapita katikati yao na sahani. Walimwita shemeji. Mwaka wa kwanza alilia kwa shukrani. Uliofuata alishukuru bila kulia. Sasa alikuwa amechoka, na hakuwa na wa kumwambia, maana nani huchoka kupendwa?

Mumewe alikuwa fundi wa pampu. Aliwahi kutumwa mbali kwenye shamba la mizabibu, pampu ya kumwagilia imekufa katikati ya kiangazi, akarudi na chupa mbili na ugonjwa usio na dawa: kupenda mvinyo. Tangu hapo hakunywa kitu bila kukizungusha kwanza kwenye glasi, hata maji. Aliwaambukiza rafiki zake wakubwa, daktari wa meno na wakili, nao wakaambukiza wengine. Huyo daktari ndiye aliyempa fundi kazi. Vipimo vya plasta vya midomo ya wagonjwa vilitoka kwa daktari, na meno yakarudi kwake. Kumuudhi lilikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili.

Mdogo wake fundi, aliyeishi mji mwingine, alikuwa amemtengea chumba chenye dirisha kubwa, mwanga mzuri wa kuchongea meno. "Dada, njoo tuzeeke pamoja," alisema kila wakipigiana simu. Mwaka huo fundi akakata shauri. Mnunuzi wa nyumba alishakuja, akagonga kuta kwa vidole, akaridhika. Lililobaki ni kuwaambia wale watu. Angewaambia mezani, wote wakiwapo, yaishe.

Mchana daktari akapiga simu. "Shemeji, leo tuna wageni. Wenye shamba lile lile la pampu, mtu na mkewe. Ongeza viti."

Meza ilijaa hadi ukutani. Fundi walimkalisha kwenye kiti cha marehemu, mgongo dirishani, watu huku na huku, hata kwenda jikoni ilibidi amwombe mtu ainuke. Mwenye shamba alikuwa bonge la mtu, mcheshi. Alisimulia jinsi marehemu alivyoitukana ile pampu siku nzima, kisha ilipowaka akaiomba radhi. Wakili alicheka mpaka akashika mbavu.

Fundi alikuwa na tabia ya kutazama midomo ya watu; ni kazi. Nyama ilipofika, meno yote pale mezani yalishageuka zambarau, isipokuwa ya watu wawili: yake, na ya mke wa mgeni.

Alisimama. "Jamani, nina neno."

"Nyamazeni," daktari alisema. "Shemeji anamkumbuka mwenzetu."

Wote wakainuka na glasi zao. Mbele ya glasi nyingi vile, ulimi ukawa mzito. "Nashukuru mmekuja," alisema. Wakanywa.

Hapo mwenye shamba akavuta sanduku la mbao kutoka chini ya meza. Ulikuwa mvinyo wa mizabibu iliyokuzwa kwa maji ya pampu ile, alieleza, mavuno ya kwanza. "Haujakomaa. Ulazwe gizani, usitikiswe, miaka kumi. Tumeona ulale hapa kwake."

"Chini ya ngazi," alisema daktari, "pale pale marehemu alipokuwa akilaza chupa zake."

"Miaka kumi, shemeji," wakili akadakia. "Huna ruhusa ya kufa."

Walicheka. Fundi naye alicheka. Mdomo ulicheka wenyewe.

Alipokwenda jikoni, mke wa mgeni alimfuata na rundo la sahani. "Dada, glasi yako haijapungua tangu tukae."

"Nakunywa polepole."

"Hata mimi. Niliolewa na zabibu, mume nikamkuta ndani." Akaanza kuosha bila kuombwa. "Nini kinakusumbua?"

Ilikuwa siku nyingi hajaitwa dada ana kwa ana ndani ya nyumba ile. Alimweleza yote, pale pale kwenye sinki. Yule mama akafuta mikono. "Kawaambie sasa hivi. Wakizidi kulewa watakulilia."

Fundi alirudi, hakukaa. "Nauza nyumba. Nahamia kwa mdogo wangu."

Daktari alimtazama kama mtoto aliyeachwa sokoni. "Tumekukosea nini, shemeji?"

"Hamjanikosea. Nimechoka tu."

Neno hilo walilichukua wakaenda nalo kwingine. "Amechoka," wakili alisema kwa upole, kama anamtetea mteja. "Mjane peke yake. Paa, mabomba, kodi. Na sisi tumekaa hapa tunakunywa."

Kufumba na kufumbua walikuwa wamekubaliana. Watachanga fedha, nyumba wainunue wao, na shemeji ataishi humo bure maisha yake yote. Hakuna atakayemhamisha. Walimkumbatia mmoja mmoja, daktari akifuta machozi. Mwenye shamba, ambaye hakuelewa vizuri kilichotokea, alifungua chupa nyingine. Fundi alimtafuta mke wa mgeni kwa macho. Yule mama aliinamia sahani yake.

Angekataa vipi? Anayekukaba koo utamsukuma. Anayekukumbatia utamfanya nini?

Hayakuwa maneno ya ulevi. Wakili aliandaa hati, yule mnunuzi akaambiwa asante, na fundi akatia sahihi shingo upande. Paa likazibwa. Vipimo vya plasta viliendelea kuja. Sasa aliishi kwenye nyumba ya watu ambayo ilikuwa nyumba yake, na sanduku lile chini ya ngazi aliogopa hata kufagia karibu nalo.

"Si umeshauza?" mdogo wake aliuliza kwenye simu.

"Nimeuza."

"Basi njoo."

"Nitakuja."

Siku ya marehemu ilipozunguka tena, aliwaachia wale marafiki ufunguo kwa jirani, akapanda basi la asubuhi. Mdogo wake alimpokea, akamwonyesha chumba na dirisha lake. Walikuwa wanakula jioni simu ilipolia. Kelele za meza yake mwenyewe zikamjaa sikioni.

"Shemeji, sinia kubwa liko wapi?" Alikuwa daktari.

"Juu ya kabati, nyuma ya ndoo."

"Tumeliona. Tutafunga mlango, usijali. Rudi salama."

Alikaa na simu mkononi hata baada ya kukatika.

"Utarudi?" mdogo wake aliuliza.

"Keshokutwa. Kuna mgonjwa anasubiri meno."

Mdogo wake aliondoa sahani, kisha akaenda kumtandikia kitanda.