Nyota Zangu Zimeombewa Zipone

Leo nyota zangu zimeombewa, na mimi nikasema Amina.

Tulikuwa kwa shangazi, Dundori. Mukimo inapakuliwa, mjomba akaniuliza hiyo PhD yangu ni ya nini hasa.

Nikaeleza polepole. Kuna nyota za zamani sana zinazovimba na kupungua, kila baada ya masaa machache. Vile zinavimba inaniambia mwanga wao halisi ni kiasi gani. Nikilinganisha na vile huo mwanga unafifia ukifika kwetu, najua ziko mbali kiasi gani. Kwa hizo napima mpaka wa mwisho wa galaksi yetu.

Mjomba akaulizia chumvi.

Shangazi ndiye huombea chakula. Na shangazi anajua kuvimba, miguu yake inamsumbua kila jioni. Akashukuru kwa mvua na kwa ng'ombe, halafu: "Na Baba, hizo nyota za huyu mtoto, zimezeeka na bado zinavimba. Ziguse. Zitulie kabisa."

Zikitulia, jameni, sina PhD.

Lakini meza nzima ilikuwa inangoja Amina yangu.

Sasa niko kwangu Nakuru, laptop yenye vipimo vya nyota zangu iko mbele yangu, imefungwa.

Wewe ungeifungua?