Maji ya Mkokoteni

Nakumbuka siku moja pale Kisauni watu walisema mbele yangu kwamba aliyekwenda Arabuni kushika ufagio atarudi kushika ufagio. Mwanangu, niliondoka mfagiaji nikarudi msimamizi, na diploma juu, niliyoisomea kwa jasho langu. Mwaka haukuisha nikashinda zabuni ya kusafisha jengo la ofisi la ghorofa nne huko Changamwe. Wasemaji wakaanza kuniita bosi.

Nilishindaje? Mkandarasi aliyenitangulia alikuwa akitoza gharama ya maji ya mfereji, yaliyoletwa kila siku kwa mkokoteni. Nikacheka. Jengo lina kisima chake, maji ya kununua ya nini? Nikaifuta gharama ile, bei yangu ikawa ya chini kuliko zote. Tena nikamwachisha kazi Mama Kadzo, aliyepiga deki pale miaka mingi, kwa kuwa nilimwona mzito wa miguu.

Wiki ya pili sakafu zikaota michirizi myeupe. Tukaongeza sabuni, ikazidi. Meneja wa jengo, mtu wa maneno machache, akanipa siku saba, la sivyo mkataba unavunjwa. Wafanyakazi wangu kumi na wawili wangerudi nyumbani mikono mitupu.

Nikameza majivuno yangu, nayo hayakuwa madogo, nikaenda Junda. Mama Kadzo alikuwa nyumbani kwake akichambua mchicha. Nikamwamkia.

"Marahaba. Leo bosi aniamkia?" Nikamweleza habari ya michirizi, naye hakuinua macho. "Maji ya kisima kile yana chumvi, baba. Yakikauka, chumvi husalia. Sisi twaosha kwayo, kisha twamalizia kwa ya mkokoteni. Diploma yako nzuri, lakini haijapiga deki Changamwe."

Ilinichoma, maana ni kweli. Nikamwomba radhi, nikamrudisha awe msimamizi, na maji nikayanunua mwaka mzima kutoka faida yangu. Siku ya saba meneja alipita ghorofa zote nne, asione mchirizi hata mmoja. Mkataba ukaendelea, baadaye ukaongezwa. Leo nasafisha majengo tisa, toka Mikindani hadi Bombolulu, na sioni haya kujisifu.

Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ukirithi kazi ya mwenzako, usifute hata mstari mmoja wa gharama zake kabla hujamuuliza anayeinama kuifanya. Na mzee umheshimu kabla hujamhitaji. Mola akupe kazi ya kujivunia, na akujaalie watu wasioogopa kukwambia ukweli.